Gari la nitro likigoma, sindano iguse mwisho

Kijana mmoja wa Chumbageni aliniletea pikapu yake ya rimoti, gari dogo la kuchezea lenye injini ya nitro, ndani ya mfuko wa salfeti. "Shikamoo fundi. Mjomba kaitoa kwenye mtumba, haijawaka hata siku moja." Nikamwuliza amegusa nini. "Sindano tu." Kazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni pikipiki, haya magari nayachezea jioni, lakini jibu ni lile lile. Hata wenye bodaboda wamegusa sindano tu.

Sindano ni zile skrubu za kabureta zinazopima mafuta. Ukizizungusha huku injini ina kutu au inavuta hewa pembeni, unapaka hina mguu wenye mwiba.

Ujue kwanza unachoshika. Injini hii haina koili wala cheche. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na oili. Wakati wa kuwasha, waya wa platinamu ndani ya plagi unapashwa na betri ya volti 1.5, injini ikishashika unaondoa betri, na methanoli ikigusana na platinamu joto linaendelea lenyewe. Ndiyo maana petroli na oili ya 2T haziendi humu. Volti 12 za betri ya pikipiki nazo ziliniunguzia plagi yangu ya kwanza kabla sijapepesa jicho. Moto wa methanoli juani hauonekani, na mtu akiinywa inapofusha, kwa hiyo usiihifadhi kwenye chupa ya maji.

Hatua ya 1: Ilegeze kabla ya kuivuta

Gari lililokaa muda mrefu huganda kwa sababu oili ya nyonyo iliyomo kwenye mafuta imegeuka gundi. Usivute kamba ya kuwashia, utaikata. Toa plagi, dondoshea oili nyepesi tundu lake, pasha kichwa cha injini kwa draya ya saluni mpaka kisishikike, kisha chezesha fulaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kwa mkono mbele na nyuma. Koleo lisiguse pistoni.

Injini nyingi za aina hii hazina ringi. Silinda imebanwa kidogo juu, kwa hiyo pistoni kukaza ikifika kileleni, injini ikiwa ya baridi, ndiyo afya yake. Ikipita kileleni laini kama inateleza kwenye samli, pistoni na silinda vimeisha na utanunua vyote viwili pamoja.

Hatua ya 2: Fungua, piga picha kila tabaka

Simu iwe karibu. Hesabu vile vipete vyembamba vya shaba chini ya kichwa, vyote virudi. Tazama upande ambao tundu la oili la koni rodi (mkono wa pistoni) linaelekea, na mkato wa silinda unaokaa kwenye pini yake.

Beringi za krenki ndizo Tanga inazozimaliza. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi juu yake. Zungusha beringi karibu na sikio. Ikisaga kama mchanga wa Raskazone, itoke. Vua kabureta na kila kitu cha mpira, weka bodi tupu ya injini kwenye oveni nyuzi 150, kisha igonge kwenye ubao. Beringi inadondoka yenyewe. Mpya iingie ya baridi, bodi ikiwa ya moto. Oveni hiyo isiwe ya maandazi.

Wakati wa kurudisha kichwa, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Tafuta hewa

Niliwahi kumaliza Jumamosi mbili nikizungusha sindano kwenye gari lililokuwa likipaa sailensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) lenyewe halafu linazima. Siku ya tatu nikavua tangi, nikaziba mrija wa mafuta kwa kidole, nikapuliza ule wa presha unaotoka ekzosi, nikalizamisha kwenye beseni kama unavyotafuta pancha ya baiskeli. Uzi wa mapovu ukapanda kwenye mfuniko. Oringi, ile ringi ya mpira, ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele.

Pikapu ya Chumbageni ilikuwa na tundu la sindano ya kushonea kwenye mpira wa mafuta. Mipira badilisha yote tu. Shingo ya kabureta na mfuniko wa nyuma wa injini vipate gasketi au oringi mpya.

Kichujio cha hewa kioshe, kipake oili. Betri za risiva, kile kipokea mawimbi ya rimoti, ziwe mpya, na springi ya kurudisha kabureta iwepo, maana gari lililopoteza mawimbi kabureta ikiwa wazi litakwenda kutafuta miguu ya mtu.

Hatua ya 4: Sasa sindano

Rudisha mpangilio wa kiwandani. Kama pistoni na silinda ni vipya, matangi manne ya kwanza yaende ikiwa imeshiba mafuta, polepole. Baada ya hapo, ikipata moto, zungusha sindano kubwa, ya mwendo wa kasi, kwa kadiri ya mshale wa saa kutoka 12 kwenda 1, kisha kimbiza gari uone. Kulia inapunguza mafuta. Lazima moshi uonekane nyuma.

Sindano ndogo, ya sailensa, ijaribu kwa kubana mpira wa mafuta ikiwa sailensa. Ikizima papo hapo, ina njaa. Ikiendelea kunguruma muda mrefu, imeshiba mno. Iliyo sawa hupanda kidogo, kisha huzima baada ya sekunde mbili tatu.

Joto lipime kwa tone la maji juu ya kichwa. Likiruka na kupotea mara moja, zima, inaungua. Likichemka sekunde tatu hadi tano, endelea.

Kamba ikigoma ghafla, injini imemeza mafuta: toa plagi, pindua gari, vuta mara kadhaa.

Jioni choma mafuta yote tangini, dondoshea oili tundu la plagi na mdomo wa kabureta, zungusha, uache pistoni chini. Mimi nimetia doa la rangi ya kucha kwenye fulaiwili. Likitazama juu, najua pistoni iko chini.