Somo: Kutunza miti mikubwa ya uani kabla ya kusi kuanza

Mwembe mkubwa wa Tudor au Nyali, hapa Mombasa, haufi kwa siku moja. Huanza kufa chini, tangu siku kabro, yale matofali ya saruji ya kufunika uani, ilipotandazwa mpaka kwenye shina, na majani huja kuonyesha ugonjwa miaka miwili mitatu baadaye, watu wameshaisahau hiyo kabro. Ndiyo maana somo hili linaanzia ardhini. Msumeno utafuata.

1. Jua mizizi imefika wapi

Zungusha tepu kwenye shina kwa urefu wa kifua, kama mita 1.4 kutoka chini. Gawanya mzingo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kipenyo mara 12. Mzingo wa sentimita 188 ni kipenyo cha sentimita 60, na mara 12 ni mita 7.2 kila upande wa shina. Kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, mti mmoja tu wa kiasi hicho umeshakaribia kujaza upana wote wa kiwanja. Eneo hilo ndilo la kulindwa.

Mizizi inayonyonya maji na chakula iko zaidi katika sentimita 30 za juu. Hapa kwetu, ambako mwamba wa matumbawe uko karibu, haina njia ya kwenda chini isipokuwa nyufa za mwamba. Basi hutambaa kwa upande. Lori la mchanga likiegeshwa juu yake, udongo hushindiliwa, hewa na maji havipiti tena, mizizi hukosa pumzi. Kukoroga saruji hapo ni vibaya zaidi, maana udongo wetu una chokaa nyingi tayari. Kuongeza udongo juu ya ule wa zamani, hata sentimita 15, nako huubana mti, na gome lililofukiwa huoza.

Kabro ikiwa imeshawekwa, ng'oa angalau mita 1.5 kuzunguka shina, zaidi ukiweza. Toa na moramu iliyoshindiliwa chini yake. Tumia uma wa kulimia, ukilegeza taratibu. Jembe litakata mizizi ile ile unayotaka kuiokoa. Gari likilazimika kupita, weka kokoto nene bila saruji.

Na tafadhali, taka zisichomwe chini ya mti. Moto mdogo wa majani makavu unatosha kuua tabaka hai lililo chini ya gome upande mmoja. Gome hubanduka miezi mingi baadaye, na mchwa huingilia hapo.

Baada ya kufungua ardhi, tandaza majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 10. Acha nafasi ya sentimita 15 kati ya matandazo na shina. Ukiyarundika yakagusa shina, gome litakaa na unyevu siku zote, na unyevu ndio mwanzo wa kuoza.

2. Kagua mti, Januari au mapema Februari

Simama mbali kwanza, uone kichwa kizima. Vijitawi vikavu vya kileleni vikiwa vingi, mara nyingi shida iko kwenye mizizi. Halafu sogea uangalie:

- uyoga mgumu kama kigae kwenye tako la mti. Hiyo ni dalili ya kuoza ndani, hata kama majani ni ya kijani kabisa;
- udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa shina;
- panda, yaani pale shina au tawi linapogawanyika, iliyo nyembamba kama herufi V, gome likiwa limebanwa katikati. Hapo ndipo mti hupasuka upepo ukija;
- sauti ya uwazi ukigonga shina kwa nyundo ya mbao.

Ukiona dalili mojawapo kati ya hizi nne na mti umeelekea nyumba au njia ya watu, ita fundi mwenye kamba, mshipi na kofia ngumu. Matawi yaliyo karibu na nyaya za stima usiyaguse, wala usimtume kijana ayaguse. Toa taarifa Kenya Power.

3. Kukata

Wakati mzuri ni Februari mpaka mwanzo wa Machi, kabla ya masika na kusi. Vidonda hupata siku kavu, na mti unaingia msimu wa upepo umepunguziwa mzigo. Mwembe ungoje mavuno yaishe. Hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo ukikata karibu na msimu wa maua umekata maembe yako.

Toa kwanza matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Mara nyingi hayo yanatosha. Matawi hai yasizidi robo ya kichwa kwa mwaka. Kwa mti mzee, sehemu moja ya kumi. Tawi nene kuliko sentimita 10 lisikatwe bila sababu nzito, kwani kidonda chake huchukua miaka kufunikwa na kuoza kunaweza kutangulia.

Tawi lolote zito hukatwa mara tatu. Kwanza, sentimita 30 kutoka shina, kata kutoka chini kwenda juu mpaka robo ya unene. Pili, sogea sentimita chache kuelekea nje, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Ule mkato wa chini huzuia gome lisichunike mpaka kwenye shina. Tatu, kata kisiki kilichobaki nje kidogo tu ya shingo ya tawi, ule uvimbe tawi linapotokea. Shingo hiyo ndiyo inayofunika kidonda. Ukiikata, umeondoa tiba ya mti. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kupeleka uozo ndani.

Kufyeka kichwa chote hadi vibaki vigogo ni kuharibu, na bei nafuu isikudanganye. Machipukizi yanayofuata hushikilia juu juu tu na ndiyo yatakayong'oka kwa upepo. Mvinje mzee ukikatwa kichwa huenda usichipue kabisa.

Futa msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Kwa mwembe vaa glavu, utomvu wake huunguza ngozi.

4. Maji

Mti mkubwa hautaki ndoo mbili kila jioni. Wakati wa kaskazi, mvua ikikosekana kwa wiki nyingi, nywesha polepole kila baada ya wiki mbili au tatu, chini ya ukingo wa majani na si kwenye shina. Kesho yake sukuma nondo nyembamba ardhini: izame sentimita 30 bila shida. Ikigota mwambani, jaribu pembeni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwembe wangu wa Kisauni unakauka ncha za majani, na nanywesha vizuri. Maji ni ya kisima.*

Yaonje. Yakiwa na chumvi, hiyo ndiyo sababu, mwembe hauivumilii. Acha maji hayo kabisa. Elekeza maji ya mvua kutoka paani yaloweshe eneo lote la mizizi ili chumvi ishuke. Mnazi, mkungu na mvinje huvumilia zaidi. Ikiwa majani machanga ni ya njano na mishipa imebaki kijani, hilo ni jingine: mti unakosa madini ya chuma kwa sababu ya chokaa. Tafuta mbolea ya chuma aina ya EDDHA. Aina ya EDTA hushindwa kwenye udongo wa chokaa.

*Kidonda kipakwe rangi au lami? Na shimo la shinani tulijaze saruji?*

Yote mawili hapana. Rangi hufungia unyevu ndani. Saruji haiyumbi na mti, hivyo husaga kuta za shimo na kuweka maji. Acha shimo wazi, ila chungulia kwanza kama mna nyuki.

*Mkungu umeingiza mizizi kwenye tangi la maji taka. Naikata?*

Mizizi huingia pale panapovuja. Ziba ufa kwanza, vinginevyo itarudi. Ukilazimika kukata, usikaribie shina kuliko mara tatu ya kipenyo chake. Mara sita ni salama zaidi. Kata upande mmoja tu, kwa msumeno, si kwa kurarua na shoka.

*Shikamoo mwalimu. Mkwezi wetu huchonga vipandio kwenye minazi. Vina madhara?*

Marahaba. Vina madhara makubwa. Shina la mnazi halifunikwi na gome jipya kama la mwembe. Kila kipandio hubaki kidonda maisha yote na hukusanya maji. Mwambie mkwezi atumie kamba ya miguuni. Makuti akate yale makavu tu. Ya kijani akiyapunguza mpaka libaki shungi la katikati, mnazi hudhoofika na nazi hupungua. Nazi kavu zilizo juu ya njia ziangushwe kabla ya kusi.

*Mjohoro wangu uliinama mwaka jana, haujaanguka bado. Nisubiri?*

Tofautisha. Mti uliokua ukiinama tangu mchanga, kilele chake kikiwa kimejirudisha wima, umeshajishikilia. Ulioinama ghafla, udongo ukiwa umeinuka upande wa pili, umeshakatika mizizi. Huo usisubiri masika, udongo ukilowa hauna cha kuushika. Ondoa watu na magari upande unakoelekea, ulizia ofisi ya kaunti kuhusu kibali, na fundi aushushe kipande kwa kipande kutoka juu.