Kutamka majina ya miji ya Kihispania bila kupitia Kiingereza

Wengi wetu tumeyasikia majina haya kwa Kiingereza, na hapo ndipo yanapoharibika. Irabu zisikusumbue: a, e, i, o, u za Kihispania zinakaribiana sana na zetu.

J ni kh ya “kheri”. Vilevile g ikitangulia e au i. Gijón ni Khi-KHON. H haitamkwi, hivyo Huelva ni WEL-ba, maana v husikika kama b. Ñ ni ny: Logroño, Lo-GRO-nyo. Ll kwa wengi ni y: kisiwa cha Mallorca, Ma-YOR-ka. Z, pia c mbele ya e au i, ni th ya “thelathini” katika sehemu kubwa ya Hispania, lakini s Amerika ya Kilatini.

Mkazo ndio mtego wetu. Neno likiishia kwa irabu, n au s, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Likiishia konsonanti nyingine, huenda mwisho: Ma-DRID. Alama juu ya irabu hushinda kanuni zote: Córdoba ni KOR-do-ba, wala si Kor-DO-ba. Valencia je? Ba-LEN-thya, silabi tatu. “Ia” hutamkwa kwa pamoja. Ukisema Ba-len-THI-a umeongeza silabi.