Mwaga maji ya tenki za upepo jioni, usingoje wiki iishe

Wenye malori, kipindi hiki cha joto la unyevunyevu mwageni maji ya tenki za upepo wa breki kila siku jioni mkishapaki, upepo ukiwa bado umejaa, mi nilikuwa nafanya mara moja kwa wiki siku moja nikashangaa kinatoka kikombe kizima. Kompresa, ile pampu ya upepo, inavuta hewa yenye mvuke, ikifika kwenye tenki inapoa inageuka maji, yakilala humo yanaleta kutu na kula valvu, mwisho breki zinachelewa kushika. Weka kabari kwenye matairi kwanza, anza na tenki iliyo karibu na kompresa maana ndo inabeba maji mengi, fungua koki ya chini au vuta kile kiwaya cha kufungulia mpaka itoke hewa kavu. Uso weka pembeni, inarusha uchafu balaa. Ila kama kesho yake maji yamejaa tena vilevile, kumwaga peke yake hakutoshi, huenda filta ya draya, kile kifaa cha kukausha hewa, imechoka, badilisha. Na ikitoka oili nzito kama uji, hapo kompresa inapitisha oili, muone fundi kabla hujapakia mzigo.