Kuvua Mtoni Wakati wa Baridi Kali: Mfuate Samaki Alikopumzika

Mto ukifuka mvuke alfajiri na nyasi za ukingoni zimeganda, wavuvi wengi hudhani samaki wamekwisha. Mara nyingi wamehama umbali mfupi tu, wakatoka kwenye maji ya kasi wakaingia kwenye maji ya pole. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, chakula tumboni husagika taratibu, naye hana haja ya kukimbiza windo. Ndiyo maana wakati wa baridi mimi hutumia muda mwingi zaidi kutafuta mahali kuliko kurusha ndoano.

Hatua ya 1: Hakikisha mto uko wazi

Mito mingi yenye trauti, samaki wa maji baridi, hufungwa kwa miezi kadhaa ya baridi ili samaki wazaliane. Soma masharti ya kibali chako kwanza. Hata mto ukiwa wazi, ukiona chini ya maji kiraka cha changarawe safi, yenye rangi nyepesi kuliko inayoizunguka, kipite mbali. Hapo huenda mayai yamefukiwa, na mguu mmoja unatosha kuyasaga.

Hatua ya 2: Vaa kwa tabaka

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya poliesta, kamwe isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukupoza. Juu yake vaa sweta nene, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Soksi za kubanana ndani ya buti huziba damu na vidole hufa ganzi, hivyo jozi moja nene yenye nafasi ni bora kuliko mbili zilizosongwa. Beba glavu jozi mbili na taulo dogo. Niliwahi kulowesha jozi moja niliyokuwa nayo saa ya kwanza, na baada ya dakika chache sikuweza tena kufunga fundo.

Hatua ya 3: Chagua saa

Usijisumbue kudamka. Saa nzuri ni kuanzia adhuhuri hadi alasiri, jua likiwa limeyapiga maji kwa muda. Mimi hubeba kipimajoto chenye kamba na kukizamisha kila baada ya saa moja. Maji yakipanda hata nyuzi 1, samaki huweza kuamka. Lakini siku ya jua kali baada ya theluji nyingi hudanganya: theluji inayoyeyuka humwaga maji baridi mtoni, na mchana unaoonekana mzuri ukapita bila samaki hata mmoja.

Hatua ya 4: Soma maji

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa, basi usiwe na haraka.

Huenda umesikia kwamba chini ya ziwa lililoganda kuna maji ya nyuzi 4, kwa kuwa maji huwa mazito zaidi kwenye joto hilo. Usiupeleke ujuzi huo mtoni. Mkondo huchanganya maji, kwa hiyo juu na chini hukaribia kuwa sawa. Samaki hukaa kwenye kina kwa sababu mkondo wa hapo ni mpole na hachoki kujishikilia.

Tafuta upande wa ndani wa kona, nyuma ya mwamba mkubwa, na sehemu ndefu yenye kina ambamo povu huelea kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole. Zaidi ya yote, tafuta chemchemi. Maji ya ardhini hayabadiliki joto sana mwaka mzima, hivyo wakati wa baridi huwa na uvuguvugu kuliko mto. Ukiona ukingo wenye majani mabichi huku kwingine kumeganda, anzia hapo.

Hatua ya 5: Punguza kila kitu

Mshipi mwembamba, ndoano ndogo, chambo kidogo: funza wawili au kipande cha nyungunyungu. Ongeza chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, kidogo kidogo mpaka chambo kikaribie kugusa chini, kisha kiache kipite polepole. Samaki hatakifuata mbali, kwa hiyo pitisha mstari uleule mara kumi, ukisogea kama shubiri mbili kila mara.

Usitarajie kuvutwa kwa nguvu. Boya husita tu, kana kwamba limegusa jani. Likisita, inua fimbo.

Hatua ya 6: Barafu kwenye pete za fimbo

Hewa ikiwa chini ya sifuri, kila ukivuta mshipi, tone hubaki kwenye pete zinazopitisha mshipi na kuganda, mpaka tundu linabaki kama la sindano. Usiivunje kwa kucha wala kuigonga, utaing'oa pete. Izamishe ncha ya fimbo mtoni kwa sekunde chache, barafu itaachia. Kupaka pete mafuta mazito ya kujipaka kabla ya kuanza husaidia kwa muda.

Hatua ya 7: Kumwachia samaki

Mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mikono yako ikiwa mitupu na imelowa. Kwenye hewa ya kugandisha, mashavu anayopumulia na macho yake huweza kuganda upesi, hata akiogelea vizuri unapomwachia.

Hatua ya 8: Usife kwa ajili ya samaki

Nenda na mwenzako. Usikanyage barafu ya mtoni, kwa kuwa mkondo huila kutoka chini na unene wake hubadilika hatua kwa hatua. Ukitumbukia, dakika ya kwanza utahema bila kujizuia. Weka uso juu ya maji na uelee mpaka pumzi itulie, ndipo ujivute ukingoni. Beba nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji. Vua zote zilizolowa, vaa kavu, uende kwenye joto, hata kama ndiyo kwanza samaki wameanza kula.