Subiri Neno "Ila": Jinsi ya Kupima Uwezo wa Kila Siku wa Mtu Aliye Kazini

Mwanamke wa miaka 41 aliingia chumbani kwangu, kwenye kliniki ya tiba ya viungo ninapofanya kazi, Eastlands, Nairobi. Ni fundi wa cherehani, kibanda chake kiko soko la Gikomba. Nikamuuliza kama kuna jambo linalomsumbua katika shughuli zake. Akatabasamu: "Hakuna shida, daktari. Nashukuru Mungu." Dakika mbili baadaye mkoba ukamteleza ukaanguka. Hakuinama kuuokota. Alishuka polepole kwa magoti, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, akauchukua, akapanda vivyo hivyo.

Hakunidanganya. Sisi tukiulizwa "hujambo" hujibu "sijambo" hata tukiwa na homa, kwa sababu salamu ni salamu. Habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto alikesha akikohoa. Uzuri hutangulia na ukweli hufuata nyuma ya "ila". Anayepima uwezo wa watu wazima wa Nairobi asipoijua desturi hii ataandika "nzuri" siku nzima na arudi nyumbani na karatasi zisizo na maana. Nimeandika mwongozo huu kwa wenzangu wa kliniki, wahudumu wa afya ya jamii na maafisa wa usalama kazini, kwa sababu wengi huniuliza hojaji gani watumie, ilhali kazi kubwa iko katika namna ya kuuliza.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Uwezo wa kila siku si jina la ugonjwa. Watu wawili wenye picha ya eksirei inayofanana wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa: mmoja anabeba magunia soko la Marikiti, mwingine hawezi kufunga kamba za viatu. Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 wa kuainisha utendaji wa binadamu, ICF, hutenganisha mambo mawili: lile mtu anaweza kulifanya akijaribiwa mahali palipotulia, na lile analolifanya kweli katika mazingira yake, pamoja na ngazi za daraja la watembea kwa miguu, makanga anayemharakisha na maji ya kubeba hadi ghorofa ya nne. Sisi tunataka hilo la pili.

Ndiyo maana vipimo vya zamani havitoshi hapa. Kipimo cha Katz cha 1963 na kile cha Barthel cha 1965 huuliza kama mtu anaweza kula, kuoga, kwenda msalani. Vina kazi yake kwa mgonjwa aliyepooza au mzee dhaifu. Mpe fundi wa Kamukunji anayegonga mabati ya sanduku tangu alfajiri, atapata alama zote, nawe hutajua lolote kuhusu bega lake. Maswali ya sensa nayo ni chekecheo lenye matundu mapana. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, lakini ili uhesabiwe ilibidi uwe na ugumu mkubwa au usiweze kabisa katika jambo kama kuona, kusikia au kutembea. Mama wa cherehani asingehesabiwa, na bado hapati usingizi.

Hatua ya 2: Chukua hojaji fupi ya WHODAS 2.0

Ilitolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwongozo wake ni wa 2010. Ipo ya maswali 36, inayochukua kama dakika 20, na ipo ya maswali 12, inayochukua kama dakika 5. Kwa mtu aliyeacha biashara yake chini ya turubai la jirani, tumia ya 12. Inagusa nyanja sita, kila moja maswali mawili: kuelewa na kumakinika, kutembea na kusimama, kujitunza, kuhusiana na watu, shughuli za nyumbani na za kazi, na kushiriki katika jamii. Inauliza kuhusu siku 30 zilizopita tu. Kila jibu hupata alama 1 hadi 5: hakuna ugumu, ugumu kidogo, wa wastani, mkubwa, na wa kupita kiasi au hakuweza kabisa.

Usitafsiri papo hapo mtu akiwa mbele yako. Andika maneno yako mapema, yasome na mwenzako kwa sauti, kisha tumia yaleyale kwa kila mtu. Ukiuliza leo hivi na kesho vile, tofauti utakayoiona ni ya mdomo wako.

Hatua ya 3: Mwondoe bosi chumbani

Miaka ya mwanzo nilipima wafanyakazi wa karakana moja katika eneo la viwanda. Msimamizi alikaa pembeni, kwa nia njema nadhani, akinywa chai. Karibu kila mtu alipata alama 12, yaani hana ugumu hata mmoja. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichechemea alinitazama machoni akasema kutembea hakumlemei. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu. Jioni alinisubiri langoni akaniambia ukweli, nami sikuweza kuuingiza katika karatasi ambayo msimamizi alikuwa ameshaiona. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu wale watu walinipa asubuhi yao na mimi sikuwalinda.

Kwa hiyo: chumba kifungwe, karatasi isiwe na jina bali namba, na mtu aambiwe waziwazi nani atayaona majibu na nani hatayaona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huweka habari za afya katika kundi nyeti. Chukua ridhaa kabla ya swali la kwanza, na akikataa, mshukuru umwache aende.

Hatua ya 4: Uliza, kisha nyamaza

Hapa ndipo utatumia muda wako mwingi.

Neno "shida" liache. Nairobi ukimuuliza mtu kama ana shida, anafikiria pesa kwanza, au anakujibu "hakuna shida" kama anavyomjibu aliyemkanyaga ndani ya matatu. Mimi husema "kulikulemea kiasi gani?" Mzigo kila mtu anaujua. Kabla ya kuanza, eleza kulemewa ni nini, kwa sababu WHODAS yenyewe inataja dalili nne: kutumia nguvu zaidi, kupata maumivu au usumbufu, kwenda polepole, au kubadilisha namna ya kufanya jambo. Dalili ya nne ndiyo inayosahaulika. Mtu aliyebadilisha namna yake huamini tatizo limekwisha. Kule kuokota mkoba kwa magoti ni ugumu, na lazima kuhesabiwe.

Siku 30 hazishikiki kichwani. Zifunge kwenye kitu: "tangu ulipolipa kodi ya nyumba mwezi uliopita." Karibu kila mpangaji anaikumbuka siku hiyo. Swali la kutembea kilomita moja nalo lifunge kwenye njia. Nimepima kwa simu: kutoka lango letu hadi steji na kurudi ni kilomita moja, basi nauliza hivyo. Kusimama dakika 30 ni foleni ya matatu ya jioni au ibada ndefu ya Jumapili.

Kila mara uliza sababu. Hojaji hii inahesabu ugumu unaotokana na afya tu: ugonjwa, jeraha, msongo wa akili, pombe au dawa za kulevya. Mtu akisema hakwenda kwenye harusi ya ndugu yake, huenda ni goti, huenda ni nauli. Goti unaliandika, nauli huiandiki hapa, hata kama inakugusa moyo. Vivyo hivyo baba anayesema kazi za nyumbani hazimlemei kwa sababu mkewe ndiye anayezifanya: hajafanya, kwa hiyo swali halimhusu, usiandike 1. Likikosekana jibu moja, weka wastani wa yale 11. Yakikosekana zaidi ya moja, usijumlishe.

Maswali ya kuoga na kuvaa yana aibu yake. Kwa mzee wa umri wa baba yangu hutanguliza: "Samahani mzee, linalofuata tunamuuliza kila mtu." Kisha natazama karatasi, simtazami usoni.

Na sasa lile la kunyamaza. Nilimuuliza yule mama kuhusu kuvaa nguo.

"Hapo niko sawa."

Sikuandika. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Nikahesabu moyoni hadi tano.

"Ila sidiria siku hizi naifungia mbele, halafu naizungusha."

Alama 2. Kama ningeandika haraka ingekuwa 1, na hakuna ambaye angejua mkono wake hauendi nyuma. Sekunde tano zinatosha. Usizijaze kwa kumsaidia ("maumivu labda?"), kwa sababu atakubali chochote utakachomwekea mdomoni, kwa heshima tu.

Malizia kwa maswali matatu ya siku: kati ya siku 30, ugumu ulikuwapo siku ngapi, siku ngapi hakuweza kabisa kufanya shughuli zake, na mbali na hizo, siku ngapi alizipunguza. Kwa anayeishi kwa mapato ya kila siku, hili la tatu ndilo lenye uzito. Mwenye kibanda hapati likizo ya ugonjwa. Hufungua saa nne badala ya saa moja, na hasara hiyo haionekani katika daftari la mtu yeyote.

Hatua ya 5: Jumlisha

Kwa karatasi na kalamu. Majibu ya mama, kwa mpangilio wa hojaji, yalikuwa 3, 3, 1, 2, 3, 2, 2, 1, 2, 1, 1, 4. Jumla 25. Ya chini kabisa ni 12, ya juu kabisa ni 60. Ukitaka asilimia, toa 12, ugawanye kwa 48, uzidishe kwa 100: 13 kwa 48 ni kama 27. Siku zake zilikuwa 24, 3 na 11. WHO ina njia nyingine ya kukokotoa kwa kompyuta inayopima uzito wa kila swali, lakini kwa kumfuatilia mtu mmoja hii inatosha.

Kisha ziangalie zilipokaa. Alama 25 zilizotawanyika na alama 25 zilizojikusanya kwenye kusimama, nyumba na kazi ni hadithi mbili. Hapa 4 iko kwenye kazi.

Hatua ya 6: Mwachie ataje mwenyewe

Maswali 12 hayajui mkasi wa kukatia jinzi. Ongeza kipimo ambacho mhusika huchagua shughuli tatu hadi tano zinazomlemea na kuzipa alama 0 hadi 10, ambapo 0 ni hawezi na 10 ni kama zamani. Kilibuniwa mwaka 1995, na sioni kizuri zaidi kwa mafundi na wachuuzi. Mama wa cherehani alitaja kukata kitambaa kizito, 3. Kubeba mtungi wa lita 20, 4. Kukaa kwenye cherehani saa nzima, 2. Wastani 3. Ukirudia baadaye, mabadiliko ya wastani yakiwa chini ya 2, au ya shughuli moja yakiwa chini ya 3, usiyashangilie. Huenda ni kuyumba kwa kipimo tu.

Kwa swali moja la haraka, ukipenda: ukilinganisha na ulipokuwa na nguvu zako zote, leo uwezo wako wa kufanya kazi ni ngapi kati ya 0 na 10? Swali hili limetoka katika kipimo cha uwezo wa kazi cha Ufini. Alisema 6.

Hatua ya 7: Tazama kwa macho

Kiti imara kisicho na mikono, chenye urefu wa kama sentimita 43, kiegemee ukuta. Mikono ikunjwe kifuani. Kwa sekunde 30, hesabu mara ngapi anasimama wima kamili. Akiwa amepita nusu ya kuinuka muda unapoisha, mhesabie. Viwango vilivyochapishwa ni vya watu wa miaka 60 na zaidi, kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe. Ukiwa na mashine ya kupima nguvu ya mshiko, mketishe, kiwiko nyuzi 90, mara tatu, chukua wastani. Akishikwa na kizunguzungu au maumivu ya kifua, simamisha kila kitu umpeleke kwa daktari.

Hatua ya 8: Rudia

Saa ileile ya siku, kiti kilekile, maneno yaleyale. Mgongo wa asubuhi si mgongo wa jioni.

Tulimwinulia meza ya kukatia ili asiiname, maji akaanza kubeba kwa vibuyu viwili vya lita kumi, na akapewa mazoezi ya bega na mgongo. Alirudi baada ya wiki sita. WHODAS ikasoma 19. Kukaa kwenye cherehani kulipanda kutoka 2 hadi 5, mtungi kutoka 4 hadi 6, ambao peke yake siuhesabu bado. Nikafika kwenye mkasi, kalamu juu.

"Sijambo sana, ila ikifika saa kumi jioni kidole gumba kinakufa ganzi. Andika 6, daktari, usiandike 7."

Nikaandika 6, na pembeni yake: ganzi, kidole gumba, saa kumi.