Namna ya Kuukinga Mkangazi Mchanga dhidi ya Nondo Anayetoboa Ncha

Mkulima wa Masindi, Uganda, aliyepanda mkangazi, mti wa mbao ambao Waganda huuita munyama, akiona ncha ya mti imenyauka ilhali majani ya chini bado ni mabichi, asikimbilie kulaumu ukame. Aikague kwa karibu: akikuta tundu dogo lililozibwa kwa utando ulioshikana na chembechembe za kinyesi cha rangi ya kahawia, humo yumo kiwavi wa nondo ambaye kitaalamu huitwa Hypsipyla robusta.

Nondo mwenyewe huonekana kwa nadra, kwa kuwa ana rangi ya kijivu na kahawia na huruka usiku. Jike hutaga mayai kwenye machipukizi machanga, hasa penye makovu ya majani na makwapani mwa vikonyo. Baada ya siku chache kiwavi huanguliwa, hutoboa ncha laini na kuula moyo wake kwa wiki kadhaa, na anapokomaa mara nyingi hugeuka samawati yenye madoa meusi. Kisha hujifungia katika kifukofuko, ama ndani ya handaki lake ama katika majani makavu chini ya mti, akawa bundo, yaani hatua ya kati ya kiwavi na nondo, na hatimaye nondo. Mzunguko huo huchukua takribani mwezi 1 hadi 2, hivyo vizazi hufuatana mwaka mzima.

Mti wenyewe haufi kwa kawaida. Kinachopotea ni gogo, kwani ncha kuu ikifa machipukizi ya pembeni hushindana na shina hugawanyika mapema. Kiwavi mmoja anatosha kuleta hasara hiyo. Dawa ya kunyunyizia siipendekezi, maana kiwavi akishaingia ndani haimfikii.

Mvua zinapoanza na miti kuchipua, kagua kila ncha angalau mara moja kwa wiki. Ukiona kinyesi kibichi, kata chini ya tundu, kisha uendelee kushuka kidogo kidogo hadi moyo wa tawi uonekane safi bila handaki. Kipande kilichokatwa kichomwe moto. Kikiachwa shambani, kiwavi aliyekomaa hutoka na kugeuka bundo papo hapo. Machipukizi mapya yakitokea, subiri yapate nguvu, uchague moja lililonyooka na kuondoa mengine. Kazi hii hurudiwa mpaka shina lifikie urefu wa gogo unalotaka.

Kwa shamba jipya, epuka kupanda mkangazi mtupu penye jua kali. Uchanganye na miti ya musizi au migomba inayotoa kivuli chepesi, kwa kuwa kivuli kizito huudumaza mti wenyewe. Mti wa muyovu hausaidii hapa: ni wa ukoo uleule wa mkangazi, na nondo huyu huushambulia vilevile.