Niweke 4.10? Namna ya kuchagua namba ya difu kwa gari la misuli la zamani

Wenye magari ya misuli, yale ya Marekani ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970 yenye V8 kubwa mbele na ekseli nzima nyuma, huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Fundi, niweke nne-kumi?" Mara nyingi jibu langu ni hapana, na mara nyingi hawalipendi. Juzi nimemaliza kumsaidia kijana mwenye Chevrolet Chevelle SS ya 1970, otomatiki ya gia tatu, difu ya 3.31, aliyelalamika kwamba gari "limelala" kwenye taa. Naandika hatua tulizopitia. Hesabu nitatumia za gari lake, wewe weka zako.

Kwa asiyejua: difu ni gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na 4.10 maana yake propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, inazunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari linachomoka vizuri lakini injini inalia barabara kuu. Namba ikishuka, injini inapumua ila mwanzo unakuwa mzito.

Hatua ya 1: Sema ukweli kuhusu unavyoendesha

Chukua karatasi, andika mwendo unaokaa nao muda mrefu zaidi. Sio mwendo wa juu kabisa, wala ule wa kuwasimulia rafiki zako. Kijana wangu aliandika maili 70 kwa saa, maana kazini kwake anafika kwa barabara kuu. Kama gari lako hubebwa kwenye trela hadi kwenye mashindano ya robo maili na kurudishwa kwa trela, mwongozo huu haukuhusu sana. Weka 4.10 au hata 4.56 uendelee na raha zako.

Hatua ya 2: Pima tairi

Usisome ubavuni tu. Pulizia upepo sawasawa, weka alama ya chaki chini ya tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha pima umbali huo kwa inchi na ugawanye kwa 3.14. Hicho ndicho kipenyo kinachofanya kazi, gari likiwa na uzito wake.

Hapa ndipo ugonjwa wa Chevelle ulipojitokeza. Magari haya yalitoka kiwandani na tairi zenye kipenyo cha karibu inchi 26. Yeye amevaa 275/60R15, ambazo ni inchi 28. Kwa tairi hizo, 3.31 yake inafanya kazi kama 3.07 (zidisha 3.31 kwa 26, gawanya kwa 28). Yaani alikuwa ameshapunguza nguvu za mwanzo kwa kununua tairi kubwa, halafu anailaumu injini. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu tairi zenyewe zinapendeza.

Hatua ya 3: Jua giaboksi yako

Unahitaji namba mbili tu: gia ya kwanza na gia ya juu. Turbo 400, kama ya huyu kijana, ina 2.48 na 1.00. Turbo 350 ina 2.52 na 1.00. Kwa giaboksi za mkono, Muncie M20 ina 2.52, M21 na M22 zina 2.20, zote gia ya nne ni 1.00. Ukiwa na 700R4, otomatiki ya gia nne, una 3.06 mwanzoni na 0.70 juu, na hapo mchezo wote unabadilika, nitarudi.

Hatua ya 4: Jua kilichomo ndani ya difu kabla ya kununua chochote

Hatua hii nitaivuta, kwa sababu ndiyo inayokula wikendi za watu.

Kwanza, usiamini mihuri peke yake. Kwenye ekseli za GM, kampuni mama ya Chevrolet, kuna herufi zilizogongwa kwenye bomba la ekseli, na kwenye Ford kuna kibati kidogo kilichofungwa kwa bolti ya difu (ukiona herufi L katikati ya namba, kama 3L50, hiyo ni 3.50 yenye difu ya kushika magurudumu yote mawili). Vinakueleza gari lilizaliwa vipi. Havikuelezi kilichofanyika katika miaka zaidi ya hamsini baadaye, na magari haya yamepita mikononi mwa vijana wengi.

Kwa hiyo zungusha. Giaboksi iwe huru, magurudumu ya mbele yazuiwe, gari likae kwenye stendi na sio kwenye jeki peke yake. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, kisha zungusha moja kwa mkono. Likienda mbele na mwenzake akaenda nyuma, difu yako ni ya kawaida. Wakienda pamoja upande mmoja, una ile ya kushika, ambayo Chevrolet waliiita Positraction. Angalizo: Positraction yenye sahani zilizokwisha inaweza kujifanya difu ya kawaida, kwa hiyo jaribio hili halimalizi kesi.

Kama ni ya kushika, zungusha magurudumu mara kumi kamili huku mwenzako akihesabu propela, yenye alama ya chaki. Kama ni ya kawaida, shusha gurudumu moja likae chini, lizuie, na lile la juu ulizungushe mara ishirini. Ishirini, kwa sababu difu ya kawaida hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Watu huzungusha mara moja na kukadiria kwa macho, wakapata "tatu na nusu hivi". Tatu na nusu hivi inaweza kuwa 3.31, 3.55 au 3.73. Ukifikisha kumi (au ishirini kwa difu ya kawaida), propela itakuwa imezunguka mara 33, 35 na nusu, au 37 na ushee, na hapo huwezi kuchanganya.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha nyuma, maana bado hujamaliza. Pembeni ya krauni, ile gia kubwa inayosukumwa na gia ndogo ya pinioni, mara nyingi idadi ya meno ya zote mbili imeandikwa: 43 na 13 ni 3.31, 39 na 11 ni 3.55, 41 na 11 ni 3.73, 41 na 10 ni 4.10.

Sasa sikiliza vizuri. Pinioni ya namba kubwa ni nyembamba, kwa hiyo krauni lazima isogezwe karibu nayo. Kwenye difu ya Chevrolet ya bolti 12, GM walifanya hivyo kwa kutengeneza keria tofauti, ile nyumba ya ndani inayobeba krauni. Keria ya kundi la 3 inachukua 3.07 hadi 3.73. Kuanzia 4.10 unahitaji keria ya kundi la 4. Ukinunua seti ya kawaida ya 4.10 ukaileta kwenye keria ya 3.31, krauni haitaifikia pinioni, hata uweke shimu (vibati vya kujaza nafasi) zote za dukani. Kuna seti zenye krauni nene zilizotengenezwa kuziba pengo hilo, nazo zinafanya kazi. Kuna pia spesa za kuweka nyuma ya krauni. Mimi spesa sifungi, mteja atafute fundi mwingine. Na ukienda kwenye gereji la vyuma chakavu, kumbuka kwamba difu ya bolti 12 ya pikapu si ndugu ya hii ya gari dogo. Pinioni zake ni tofauti.

Mwenye Ford ya inchi 9 anaweza kuruka aya nzima iliyotangulia. Kwake kichwa cha difu kinatoka mbele chote kwa pamoja, unaweza kuweka kichwa cha pili tayari mezani. Ndiyo maana naipenda difu ile kuliko zote, ingawa inakula nguvu kidogo zaidi.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Mizunguko ya injini kwa dakika = maili kwa saa × namba ya difu × gia ya juu × 336 ÷ kipenyo cha tairi kwa inchi. Ukitumia kilomita, weka 209 badala ya 336.

Chevelle, maili 70, tairi 28: 3.31 inatoa 2,780. 3.55 inatoa 2,982. 3.73 inatoa 3,133. 4.10 inatoa 3,444. Ongeza mia moja au mbili kwa mtelezo wa otomatiki isiyojifunga, yaani isiyoshikamana moja kwa moja na injini. Mimi kwa gari la kusafiria sipendi kuvuka 3,100 hivi, kwa sababu ya joto, mafuta, na kelele ya ekzosi ambayo baada ya saa moja si muziki tena.

Angalia pia 3.55: kwa tairi ya inchi 28 inarudisha hali ileile ya 3.31 kwenye tairi ya kiwandani. 3.73 inamwongezea kidogo juu ya hapo, na zote mbili zinakaa kwenye keria aliyonayo. Injini ile (beji inasema 396, ingawa ya 1970 kwa kweli ni inchi za ujazo 402) ina nguvu nyingi chini, haihitaji kukoromeshwa. Tulichagua 3.55. Angekuwa na kamshafti kali inayoamka juu ya 3,000, ningemwambia 3.73.

Hatua ya 6: Kagua gia ya kwanza

Zidisha gia ya kwanza kwa namba ya difu. Kwa barabara, karibu na 9 hadi 10 panatosha. Turbo 400 na 3.55 ni 8.8, na tokikonvata, kiungo cha injini na otomatiki kinachozidisha nguvu ya mwanzo, inasaidia zaidi. Wenye 700R4 wajihadhari: 3.06 kwa 4.10 ni zaidi ya 12.5, gia ya kwanza inaisha kabla hujavuka makutano. Kwao 3.42 au 3.73 ni tamu, na barabara kuu 3.73 inashuka hadi kama 2.61.

Hatua ya 7: Kufunga

Kama huna dayali ya kupimia na rangi ya kusomea alama za meno, mpelekee fundi wa difu. Mwambie akuonyeshe picha ya alama hizo kabla ya kufunga kifuniko. Difu ya kushika ya sahani inataka kiongezeo chake kwenye oili. Badilisha pia kigia cha spidomita kwenye giaboksi, la sivyo itakudanganya.

Safari ya kwanza iwe dakika 15 au 20 taratibu, kisha iache ipoe kabisa, urudie mara kadhaa. Usivute trela wala kukanyaga mpaka maili 500, halafu mwaga oili. Itatoka na unga wa chuma unaometameta. Unga ni kawaida, vipande sivyo.